Daftari

Mwezi wa nane matete ya Luchelele yalishika moto
saa ambayo hata mbwa amechoka kubweka.
Nani aliwasha? Wengine wanasema wawinda panya,
wengine mwenye shamba. Moshi haukuuliza,
ulipanda kwetu Sweya jiwe kwa jiwe
kama mdai anayejua mlango wa kila mtu.

Ninalo daftari la kurasa mia, jalada limechanika.
Si la madeni, ingawa kila jina humo linanidai:
Bibi Nyanjige, pumu, chini ya jiwe lililopasuka.
Kundi, mimba ya miezi minane, mumewe yuko Kome.
Lushinge, miaka sita, kifua.
Pampu imebakiza mibonyezo minne.

Nikagonga. Fungeni madirisha ya upande wa ziwa.
Loweka gunia, liweke kizingitini.
Usifagie uwanja leo, liache jivu lilale.
Khanga mbichi puani huzuia vumbi;
moshi mwembamba hupita, nisikudanganye.
Barakoa ninazo kumi na moja. Kaya ni arobaini.

Kwa Nkwimba matanuri matatu ya samaki
yalikuwa bado yanafuka.
Zima, dada, moshi umetosha.
Akanitazama, macho mekundu kuliko makaa:
"Na sufuria nizime pia?"

Sikuwa na ukurasa wenye jibu hilo.
Tukasimama tu, tukikohoa kwa zamu,
mpaka ukuta wa jirani ukapenyeza
kifua cha Lushinge kikipiga filimbi.
Nkwimba akainua ndoo.
Makaa yakalia, naye akageuza uso.

Siku hiyo daftari likawa la madeni kweli.
Sangara hawangoji, joto halina huruma:
wawili kwa Kundi, mmoja kwa Bibi Nyanjige,
watatu kwangu, nitalipa mwisho wa mwezi,
nami posho yangu ya mwezi wa sita sijaiona.

Usiku watoto kumi na wanne
walilala kwa mwalimu Bugumba, kwenye dari na vioo,
wamepangwa kama dagaa, miguu huku, vichwa kule.
Mwalimu mwenyewe alikaa jikoni
akihesabu nani amekohoa.

Alfajiri upepo uligeukia ziwani.
Sikuushukuru. Najua njia yake ya kurudi.
Nikachonga penseli kwa meno, nikaandika:

Lushinge. Umebaki mbonyezo mmoja. Amelala.

Nkwimba. Matanuri baridi.
Anatudai.