Utosi

Bibi ndiye aliyejua kwanza.
Siku ya saba, Ibra, asubuhi ya akika,
mbuzi keshachinjwa uani,
wembe umelowekwa kwenye kibakuli,
na Bi Shinuna, aliyekwisha kuwanyoa wajukuu kumi na mmoja,
akasita.

Utosi wa mtoto hucheza, aliniambia,
hupwita polepole kama koo la mjusi.
Huu umejaa kama andazi.
Nimeuwekea kidole, haukunijibu.

Hakumaliza kunyoa.
Ndivyo alivyoletwa kwangu, chumba cha picha,
nusu ya kichwa nywele, nusu inang'aa,
na mishipa ya buluu
kama wino kwenye daftari lililolowa.

Nikazungusha utepe: juu ya nyusi, juu ya masikio,
nyuma penye kisogo.
Mara tatu.
Ya kwanza sikuiamini,
ya pili sikuitaka.
Thelathini na nane na nusu.
Kwenye kadi, mwandiko wa mkunga: thelathini na sita.
Siku saba tu kati yake.
Naye macho yameelekea chini,
kama aliyeangusha kitu sakafuni
asithubutu kukiokota.

Nikaipasha jeli kiganjani,
ana siku saba duniani, baridi ataikuta mwenyewe.
Mfupa haujafunga; hapo ndipo tunapochungulia.
Kwenye kioo maji ni meusi.
Watu hudhani yatakuwa meupe.
Vyumba viwili, vilivyopaswa kuwa vyembamba
kama mpasuo wa kokwa ya tende,
vimetanuka, vimeusukuma ubongo ukutani.

Daktari akaanza kumchorea baba.
Khalfani akamshika mkono.
Mimi ndiye ninayegawa maji ya falaji kwetu, alisema.
Niambie tu pameziba wapi.
Hapa. Njia yenyewe upana wake uzi.
Mtapazibua?
Hapazibuliki. Tutapitisha mrija chini ya ngozi,
maji yashuke tumboni.
Akanyamaza, midomo ikihesabu,
kama anayetafuta zamu ya nani imeliwa.

Salha aliuliza moja tu:
njia nzima hadi Maskati, ataruhusiwa kunyonyesha?

Kichwa maji, akasema Bi Shinuna, si kwa yeyote.
Miaka arubaini nawatukana wanangu,
kichwa maji wewe, mkaidi wewe.
Sikujua yapo.
Sikujua yanapimwa.

Gari la wagonjwa likawashwa.
Akarudi mbio, kanga imemteleza begani,
akafungua fundo la leso mbele yangu:
nywele za upande mmoja,
nyepesi, hazijawekwa mizanini na fedha ya sadaka.

Huko Maskati, kabla ya kumpasua, wananyoa?
Wananyoa, bibi.
Basi waandikie.
Waandikie kwenye hiyo karatasi yako
wasizitupe.