Shuka la Arusi

Worsha amelitandaza mezani
shuka la usiku wa arusi yake,
mwaka ule theluji ilipofika madirishani.
Limepauka. Lina doa la divai lisilosema lilitoka wapi.
Kwa rangi nyekundu iliyosalia baada ya kupaka mlango wa zizi
anaandika: HATUHAMI.
Herufi ya mwisho imekosa nafasi,
inajikunyata ukingoni kama mgeni aliyechelewa.

Upande wa pili anaandika kwa Kisorbi,
lugha ya bibi yake;
wanaoisema bado hapa Dubrawka
wanaenea kwenye mabenchi mawili ya kanisa.
"Kampuni haisomi Kisorbi," anasema Bjarnat.
"Nani kasema naiandikia kampuni?
Hii nawaandikia walio makaburini.
Wao nao wamepewa notisi."

Na wewe usimfanye mtakatifu.
Miaka ishirini na sita aliulinda mkanda wa makaa ya mawe,
akala makaa, akavaa makaa, akasomesha kwa makaa.
Mkate wa leo umenunuliwa kwa pensheni ya makaa.
Kijiji cha shangazi yake kilibomolewa Jumatatu;
Jumanne aliingia zamu, na kontena lake la supu.
Hilo halisemi langoni.
Hulisema jikoni, peke yake, akimenya viazi.

Usiku mashine inatafuna.
Ina urefu wa minara mitatu ya kanisa iliyobebana,
na kila ikiuma ardhi
glasi kabatini zinagongana, ting,
kama watu wanaotakiana afya
bila kuwa na karamu.

Vijana wamekuja kutoka mijini,
wamejenga vibanda juu ya misonobari.
Hawali nyama.
Worsha huwapelekea supu ya dengu, akinung'unika
kwamba supu bila mafuta ya nguruwe
ni maji yenye huzuni.
Fenja, mwenye kipini puani na soksi zisizofanana,
humweleza habari za visiwa vinavyomezwa.
"Mimi bahari sijaiona, binti yangu.
Nimeona shimo tu."
"Ni shimo hilihili," Fenja akasema,
akilamba kijiko,
"upande wake wa pili."
Worsha hakujibu. Alimwongezea supu.

Sasa kuna Kito.
Kule ni jina tu, halina habari za johari,
ila mwambie hivyo mama yake uone.
Kito, mwanawe wa pekee, anaiendesha ile mashine.
Ana mkopo wa nyumba, ana mapacha,
na tangu Pasaka mama na mwana
wanazungumzia hali ya hewa tu,
jambo ambalo, ukifikiri, si dogo.

Alhamisi. Lango la pili.
Watu kumi na mmoja, mbwa mmoja, polisi wawili,
na mvua isiyoamua kama ni mvua au ni theluji.
Zamu imetoka. Magari yanapita, taa zikiwaka,
wengine wanapiga honi, mmoja anatema mate.
Gari la Kito huwa linapita kimya.
Leo limesimama.
Kioo kikashuka kiasi cha kupitisha mkono,
na mkono ukatoa glavu.
"Vidole vyako, mama," akasema,
macho yakiwa barabarani,
akaondoka.

Glavu za kazini, nzito, zenye nembo ya kampuni.
Worsha akazivaa.
Akashika shuka lake, huku nembo, huku nembo,
katikati HATUHAMI.
Bjarnat alicheka hadi akakohoa.
Hata polisi yule mdogo
alipata ghafla kitu cha kutazama mawinguni.

Nyumba nane zina taa usiku huu.
Mwaka jana zilikuwa kumi na tisa.
Kesi itasikilizwa, imeahirishwa, itasikilizwa;
mashine haijaahirishwa.

Worsha amezifua glavu kwa sabuni ya kipande,
amezitundika juu ya jiko zikauke kabla ya Alhamisi ijayo.
Jiko lenyewe ni la makaa.
Hana jingine.
Anachochea, ting, anasikiliza kabati,
anachochea tena.