Una Mrija?

Swali la kwanza huwa si bei.
Si kama embe limeiva, si kama maji yamechemshwa.
Una mrija?
Kana kwamba Mungu alisahau kutupa midomo.

Kibanda changu kiko Shauri Moyo, ubavuni mwa soko la Burma:
meza moja, mashine ya miwa inayolia kama punda mgonjwa,
na mtaro unaojua hesabu zangu kuliko mimi.
Mvua ya Aprili ilipoufumua
niliiona mirija yangu ikielea, myekundu, yenye mistari,
ikinipita mlangoni
kama wageni wasiotaka kusalimu.

Nikaapa. Nikanunua ya karatasi.
Ile huanza mrija, huishia uji.
Odek fundi vyuma alivuta mara tatu,
akatema kipande, akaniuliza:
Dada, hiki nimelipia kunywa au kutafuna?

Nikaagiza ya chuma, sita tu, na brashi yake nyembamba.
Kufikia Ijumaa nilibaki na miwili.
Minne ilikwenda na midomo yake.

Nikakumbuka Webuye, bua la jani la mpapai,
tulivyolikata utotoni tukanywea ndooni,
utomvu ukituwasha, tukicheka.
Lakini mapapai hufika Burma bila majani,
yamefungwa magazeti kama maiti wa mbali.

Na babu Wabwile, alikuwa na mrija mmoja.
Mmoja, maisha yote.
Mrefu kumshinda yeye, nchani umesukwa kichujio,
akiufikisha kwenye nyungu ya busaa bila kuinuka kitini.
Alipokufa, wanawe waligombania mrija kabla ya shamba.
Hakuwa mtu mwema, babu.
Alinywa karo ya mama yangu kwa mrija ule.
Lakini hakuutupa.

Basi nikaandika kwenye boksi, kwa makaa, herufi kubwa:
HAKUNA MRIJA. MDOMO UNAO.
Nikajiona mwerevu.
Wiki moja mauzo yalianguka, kisha watu wakajifunza kuinamisha gilasi.
Hata karani mwenye rangi ya mdomo alikunywa,
akaacha alama yake ukingoni,
akaondoka na masharubu ya povu, hajui.

Jumamosi akaja Mumbua.
Kakake Musembi alikisukuma kiti, gurudumu moja la baiskeli,
jingine sijui la nini.
Mikono yake ina ngoma yake yenyewe, haisikii ya mwingine.
Alilisoma tangazo langu. Akacheka
kile kicheko chake kinachochukua muda kufika.
"Mdomo ninao," akasema.
"Mkono ndio sina."

Nikampa wa chuma. Taya likabana, jino likalia, nikauchomoa.
Wa karatasi ukafa njiani, maana yeye hunywa polepole.
"Ule wa plastiki," akasema Musembi, bila kuniangalia,
"wenye shingo inayopinda."

Nilikuwa nimeichoma yote, kwa fahari, nyuma ya kibanda.
Moshi wake bado uko mahali fulani.

Nikavuka barabara kwenda kwa Mwanaidi,
niliyemsengenya wiki nzima,
yeye na mirija yake, yeye na mtaro wetu.
Nikamwomba mmoja.
Akanipa kumi na miwili, na jicho.

Sasa iko chini ya kaunta, kwenye mkebe wa biskuti.
Naiosha kwa maji moto, naikausha juani, naitumia tena.
Tangazo sikulifuta. Niliongeza mstari:
UKIUHITAJI, SEMA.
Wapo wanaonidanganya. Odek juzi alishika shavu,
eti jino. Nilimpa. Mimi si daktari.

Na Jumamosi Mumbua hukaa saa nzima na gilasi moja ya miwa na tangawizi.
Mrija ukifika chini hutoa ile sauti
ya watoto wasio na adabu.
Gilasi ni tupu, anajua ni tupu.
Ananitazama,
anavuta tena.