Mafundo Mia na Ishirini na Saba

Novemba, Kuhmo, jua likichungulia na kuondoka
kama mgeni aliyebisha nyumba siyo,
mwenye nyumba wangu, Tyyne Kemppainen,
karani mstaafu wa kiwanda cha mbao,
alianza mafundo mia na ishirini na saba
kwenye sindano ya mviringo.

Jirani Aune akahesabu kwa jicho: Ongeza moja.
Mia na ishirini na nane hugawika
kwa mbili, kwa nne, kwa nane; ua hurudi, nyota hurudi.
Hii yako haikubali ua lolote.
Tyyne akasema: Ndiyo maana.

Mbili mia na ishirini na saba zizidishane,
kisha toa moja.
Tarakimu thelathini na tisa. Nani ataigawa?
Ukijaribu vigawanyo kimoja kimoja
utakufa, swali limebaki mezani
limeganda utando kama uji.
Lakini njia ya mkato ipo: anza na nne.
Izidishe kwa yenyewe, toa mbili,
ikiipita namba kuu, chukua baki. Rudia.
Rudia mara mia na ishirini na tano.

Nyeusi ni moja, nyeupe ni sifuri.
Safu ya nne: fundo jeusi pekee, la tatu toka alama.
Safu ya kumi na nne: meusi matatu yamebanana.
Mia tisini na nne.
Kisha namba zikafura, zikalizunguka duara lote,
na daftari za kiwanda, zilizowahi kuhesabu misonobari,
zikajaa hesabu ambazo hakuna aliyezidai.

Machi, safu ya themanini na moja,
alikuta saba aliyoiandika kama moja
safu tisa nyuma.
Hakulaani. Alifumua,
uzi ukirudi mapajani umejikunja,
ukikumbuka umbo la kosa.

Kwetu namba hii huitwa tasa.
Neno hilo hilo tulimpa shangazi yangu,
kwa sauti ya chini, sahani zikioshwa.
Tyyne hakuzaa. Aliponiuliza kwetu inaitwaje
nilisema nimesahau.
Kwao, alisema, ni namba ya mwanzo:
haikutoka kwa nyingine,
nyingine ndizo hutoka kwa jamii yake.
Akalamba ncha ya uzi, akaendelea.

Aprili, theluji ikidondoka vipande toka paani,
baki la mwisho: sifuri.
Angeweza kufuma safu nyeusi tupu,
maana katika hesabu hii
namba yenyewe na sifuri ni kitu kimoja.
Alifuma nyeupe.
Akafunga mafundo, akakata uzi kwa meno,
akaweka kahawa jikoni.

Aune aliivaa shingoni, akaizungusha,
akatafuta kwa kidole mahali mchoro unapojirudia.
Kahawa ikapoa.
Akaizungusha tena.