Msio wa Bibi Somoe

Kiingilio nimelipa Masoko, risiti ninayo,
ila mkobani mna jiwe ambalo sikulitaja.

Maji yamekupwa. Tumeshuka mbali, viatu mkononi,
tope la mikoko likinivuta kisigino
kama mtoto asiyetaka mgeni aondoke.
Mbele yangu Siwema Mtopa, mlinzi wa magofu,
gauni kalikunja gotini, funguo shingoni.
Funguo za nini, namuuliza, na mji hauna milango?
"Za stoo," anasema. "Kuna toroli la serikali."

Tunaingia Songo Mnara kwa uani.
Wageni wote, anasema, hukimbilia msikiti,
hupiga picha kibla, hugeuka, huuliza boti saa ngapi.
Yeye huanzia chooni.
Tazama: mtu alichutama hapa
akawaza deni lake.
Hapa pakikaa mtungi wa kutawadhia.
Na kona hii ililainishwa na mabega
ya watu waliopishana asubuhi, wamenuniana.

Chumba, na chumba ndani ya chumba,
na cha ndani kabisa kina giza lake la zamani,
popo ndio warithi.
Mzizi wa mkuyu umekumbatia ukuta;
sijui unaubomoa au unauzuia.
Siwema naye hajui.
"Walikuja mafundi wawili, wakabishana siku nzima,
wakala pweza wetu, wakaondoka."

Makaburini kuna vijiwe vyeupe,
vimewekwa kimoja kimoja na vidole vilivyokuwa na majina.
Navihesabu. Arobaini na moja.
Mbuzi anapita katikati, hesabu inanipotea.

Bibi yangu, Somoe binti Mfaume,
alisagia liwa juu ya jiwe hili umri wake mzima:
harusi ya mama, harusi ya shangazi
iliyovunjika kabla liwa haijakauka,
arobaini yangu mimi, ndui ya jirani.
Mgongoni lina nakshi, mistari iliyopandana kama ukili.
"Lilitoka Songo," alikuwa akisema, basi,
kama mtu anavyosema samaki huyu katoka sokoni.
Alipofariki waligombea mkufu na kitanda cha besera.
Mimi nikapewa jiwe.

Nalifungua kutoka kwenye kanga.
Siwema haulizi. Analipokea kwa mikono miwili,
analigeuza, ananiongoza hadi nyumba ya tatu,
kwenye mlango wenye ukili uleule
na pengo.

Tunalipachika.
Halikai.
Miaka sitini ya kiganja cha mwanamke mmoja
imelichimba kishimo kama kitovu;
limekonda, linacheza mle ukutani
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Nalisukuma. Nalipigapiga. Najisikia mjinga.
Ukuta umekwisha kuzoea bila.

Siwema anatoa daftari, anapiga mstari kwa rula.
Kitu: jiwe la mlango.
Aliyekiondoa: marehemu.
Sababu.
Kalamu inasimama hewani.
Naangalia popo, naangalia mbuzi.
"Andika urembo," namwambia.
Anaandika, kwa herufi kubwa, bila kucheka.

Kisha anafanya jambo ambalo halimo kwenye kanuni.
Anamimina maji ya chupa kwenye kile kishimo,
anasugua kwa kidole gumba, polepole, hadi yanakuwa meupe:
liwa ya bibi iliyonywewa na jiwe,
na vumbi la mlango wa watu tusiowajua,
rojo moja.
Analinusa. "Bado lipo," anasema,
anajipaka shavu la kushoto, kisha, kama aliyekumbuka adabu,
ananipaka langu.

Stoo ina toroli, mifuko ya chokaa, kofia ya mtu.
Jiwe limelala juu ya rafu, lina namba.
Mlango unafungwa kwa ufunguo wa kweli.

Maji yanajaa, tunakimbia.
Nina risiti mbili sasa, ya kuingia na ya kuacha,
na shavu linanikaza, linakauka,
linapasuka mistari midogo midogo
nikitabasamu.