Ukungu wa Darasani

Asubuhi za Makete unaita majina bila kuona nyuso.
Ukungu unaingia na watoto, unakaa nao mkekani,
na sweta zinanuka moshi wa jana.
Nani angejua, humo,
kwamba mmoja amekuja na ukungu wake?

Aidani Tweve, miaka mitano.
"Huyu anasoma kwa pua," nikawachekesha wenzake.
Alipinda shingo kama kuku anayemsikiliza mwewe;
nikamwambia, kaa sawa.
Herufi zake zilipanda milima, zikavuka mstari;
nikamwambia, hujitumi.
Mwezi wa tatu nikamhamishia nyuma, karibu na dirisha,
kwa kuwa hakuwa na kelele.
Mtoto asiyesumbua husahaulika vizuri.

Chuoni walinifundisha kuhesabu kwa vizibo,
kushona wanasesere kwa soksi zilizochakaa,
kumtambua mwenye mkojo kabla hajainuka.
Jicho waliliandika ubaoni: mboni, kope, nyusi.
Hakuna aliyesema, lipime.

Bi Luvanda alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne
na kamba yenye fundo mwishoni.
Karatasi akaibandika kando ya picha ya ng'ombe,
akavuta kamba, fundo likaangukia mkeka wa pili.
"Hizi ni meza zimelala. Nionyesheni miguu iko upande gani."
Vidole vikaenda juu, vikaenda kulia,
Tumaini akaonyesha kwa mguu wake mwenyewe, tukacheka.

Zamu ya Aidani. Kiganja juu ya jicho la kulia.
Kimya.
"Miguu ya meza iko wapi?"
"Meza ipi?"
Kiganja juu ya la kushoto: akaona mbili,
ya tatu akabahatisha.

Nilichutama. Kwa nini hukusema, mwanangu?
Akanitazama kwa kupinda shingo, vilevile.
"Nilidhani ni ukungu," akasema.
"Si upo kwa wote?"

Atapata miwani. Jicho linaloona litazibwa kiraka
ili lile vivu lilazimike kuamka.
"Umri huu jicho bado linasikia," Bi Luvanda alisema
akikunja karatasi yake.
"Likikomaa, unaliita tu."

Usiku nikashusha madaftari ya mahudhurio juu ya kabati:
miaka kumi na mmoja, vumbi, mavi ya mijusi.
Kwenye safu ya maoni, mwandiko wangu, wino wangu wa bluu:
*mzito. mvivu. haangalii ubao.*
Haangalii ubao. Niliandika hivyo, nikapiga na mstari.
Enesia Sanga, ambaye sasa anachimba viazi vya watu.
Yule pacha wa Kyando aliyejikwaa kila kizingiti,
tukamwita Mlevi, na mimi nikaitika kwa kicheko.

Taa ya sola ikaanza kufifia.
Nikasogeza daftari karibu, karibu zaidi,
mpaka pua yangu ikagusa jina.