Kwangu Inasema

Mara ya kwanza alikuja na theluji mabegani,
akaibwaga simu mezani kama anayemshtaki mtoto.
"Imekuwa bubu," akasema Nanuli.
"Binti yangu anapiga kutoka Bari,
naziona dakika zikihesabiwa, neno silisikii."

Kibanda changu kiko chini ya ngazi za metro, Tbilisi,
upana wake ni mikono yangu nikiinyoosha.
Nikaanza pale tunapoanzia mafundi wote:
nikazima, nikawasha.
Nikabonyeza kitufe cha ubavuni hadi mwisho.
Nikakagua ile alama ya mwezi mchanga
inayoiamuru simu inyamaze watu walale.
Nikasugua vitundu vya spika kwa mswaki mkavu,
ukatoka unga. Unga wa ngano, mweupe,
wa kutosha kukaangia dagaa mmoja.
Nikaipiga. Ikawika.
"Lari mbili," nikasema,
naye akazihesabu sarafu polepole, bila kuniamini.

Alhamisi karudi.
"Kwako inasema, Zviad. Kwangu imenuna."

Nilidhani ni uzee. (Wake, si wa simu. Mungu anisamehe.)
Hata hivyo nikaipasha gundi moto, nikabandua kioo,
nikang'oa spika, kitu kidogo kama ukucha wa kidole gumba,
nikatia nyingine, mpya, ya dukani.
Tukasikiliza pamoja utabiri wa hali ya hewa:
Kutaisi mvua, milimani barafu.
Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Jumamosi sikungoja aongee.
Nilimwona akishuka ngazi, nikachukua koti.
Kuna spika ya kufa isiyosikia dawa,
na kuna mgonjwa ambaye homa yake iko kwenye kitanda.
"Twende kwako," nikamwambia. "Nataka kuitibu nyumba."

Njiani simu iliimba kila nilipoijaribu.
Ikaimba sokoni, ikaimba darajani,
ikaimba getini mwao, penye roshani ya mbao iliyolegea.
Ngazi ya tatu, ikakata.

Tukaketi. Saa sita Tsira akapiga.
Dakika zikaanza kwenda, simu kimya,
Nanuli ananitazama: unaona sasa?
Kisha chini ya sakafu, pamoja na harufu ya mkate,
ikapanda sauti ya mwanamke:
"Habari za tanuri leo, mjomba Vazha?"
"Njema, mwanangu. Mama hajambo.
Jana kanunua miwili, kalalamikia chumvi."

Tukateremka bila kuaga viti.
Vazha alikuwa amejipinda ndani ya tanuri hadi kiunoni,
anabandika madonge kwenye ukuta wa udongo,
na juu ya gunia la unga, imekaa kama paka,
spika nyekundu ambayo Nanuli alimuuzia mwezi jana
bili ya gesi ilipomzidi.
Aliuza spika; simu yake haikuambiwa.
Kila ikifika nyumbani inamkimbilia shoga yake wa zamani
na kummwagia yote.

"Mwambie asininunie," spika ikaendelea.
"Donato si mhuni. Anaendesha kreni bandarini."

Vazha akajitoa tanurini, akatuona.
"Nilidhani mmegombana," akamwambia Nanuli,
unga umemjaa kwenye nyusi.
"Nilidhani umenipa mimi kazi ya kupokea."

Nikagusa ile herufi ya buluu yenye pembe,
nikagusa: Sahau kifaa hiki.
Papo hapo sauti ikahamia kiganjani mwa Nanuli,
ndogo, karibu, ya mtoto kabisa:
"Mama? Ni wewe?"

Akaiinua hadi sikioni kwa mikono miwili.
Akapanda ngazi nzima bila kusema.
Mlangoni ndipo tukamsikia:
"Donato ni nani?"

Malipo yangu yalikuwa mkate, wa moto,
chumvi imezidi. Nikaula nimesimama.
Vazha alikuwa anaitazama spika.
Akaigonga kwa kidole, akaisogelea kwa sikio,
akaipuliza unga.
"Fundi," akaniuliza, "hii nayo imeharibika?"